Pigo bovu limeanzia wapi? Mhadhara kuhusu kusaka chanzo cha umeme mbaya wa moyo

Haya jamani, sogeeni mbele, viti vipo. Leo nina swali moja tu, moyo ukianza kudunda hovyo, lile pigo la kwanza bovu limetokea sehemu gani? Maana dawa unaweza kumeza bila kujua, ila ukitaka kupaunguza mahali panapotoa umeme mbaya ili pasitoe tena, lazima upajue kwa milimita, kukisia hapana.

Umeme wa kawaida unaanzia chumba cha juu cha kulia halafu unasambaa, na kwenye misuli ya vyumba vya juu unatembea kama mita 1 kwa sekunde, yaani milimita 1 kwa milisekunde. Hiyo namba ishikeni. Ukikosea milisekunde 10 kusoma saa ya umeme, yaani muda uliofika mahali, umeshapotea kama sentimita nzima, na moyo wenyewe ni saizi ya ngumi.

ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ile ya kubandika kifuani, inasikia kwa nje, kupitia mbavu na mapafu, kwahiyo inakupa upande, haikupi nukta. Ndio maana daktari anapitisha katheta, mrija mwembamba, kwenye mshipa wa pajani mpaka ndani ya moyo, ncha yake ina elektrodi, kijichuma cha kunasa umeme, anagusa hapa anarekodi, anagusa pale anarekodi, na kila mahali anauliza umeme umefika saa ngapi. Kilio cha msiba kikisikika mtaani usiku unaulizia nani kasikia wa kwanza, basi ni hivyohivyo. Mashine za siku hizi zinachora hizo saa kwa rangi juu ya picha ya moyo, na picha inavutia kweli, ila msiiamini haraka, nitawaambia kwanini.

Kuna alama moja mimi naipenda kuliko rangi zote. Wimbi la umeme likija kuelekea elektrodi mstari unaochorwa na mashine unapanda kwanza, likiondoka unashuka. Sasa ukiwa juu ya chanzo chenyewe hakuna kinachokuja, vyote vinaondoka, mstari unashuka moja kwa moja toka mwanzo. Ukiona hivyo, na saa nayo ni ya mapema, umekaribia sana.

Turudi kwenye rangi. "Mapema zaidi" maana yake ni mapema kuliko sehemu ulizogusa, basi! Usikogusa hakukuambii kitu. Chukueni fibrilesheni ya atria, vyumba vya juu vinatetemeka badala ya kudunda. Watu walikuwa wanaisaka humohumo vyumbani, mpaka daktari wa moyo Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, wakaingiza katheta kwenye mishipa inayorudisha damu kutoka mapafuni. Mwaka 1998 wakatoa matokeo ya wagonjwa 45, walipata vyanzo 69 na asilimia 94 vilikuwa ndani ya hiyo mishipa, sentimita 2 hadi 4 ndani! Misuli ya moyo huwa inaingia humo kidogo, na umeme wa humo ulikuwa unatangulia alama ya pigo bovu kwenye ECG kwa wastani wa milisekunde 106. Wakaunguza pale, na wagonjwa 28 kati ya 45 walikaa bila ule ugonjwa kwa miezi waliyofuatiliwa. Yaani jibu lilikuwa mlangoni muda wote. Na mshipa mmojawapo, wa juu kulia, umepakana na chumba cha juu cha kulia kwa nyuma, kwahiyo ukipima kulia peke yake utaona "mapema" ya uongo kabisa.

Dada pale nyuma anauliza kama chanzo kipo kila mara. Hapana, na swali zuri sana. Kuna umeme unaozunguka duara, kovu la shambulio la moyo linaweza kuutengenezea hiyo njia, na ukichora ramani yake unakuta ya mapema kabisa imelala ubavuni kwa ya mwisho kabisa. Hapo usisake mwanzo, hakuna. Unatafuta sehemu nyembamba ambayo lazima umeme upite, unaikata hiyo.