Kituo cha makaa ya mawe: tazameni maji

Baba na mama, ndugu wanafunzi,

Hapa Lubumbashi mtu akisikia makaa, anawaza makala ya mfuko, yaani mkaa wa kupikia. Leo tunazungumzia makaa ya mawe. Tanuru za shaba zilipowashwa mjini hapa mwaka 1911, koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa bila hewa, ilifika kwa reli kutoka Wankie, ambayo leo ni Hwange, Zimbabwe. Katanga, eneo letu hili, ikageukia nguvu ya maji. Kituo cha Mwadingusha, kwenye mto Lufira, kikaanza 1930. Hwange wao walibaki na makaa yao. Kituo chao kilianza 1983: mitambo minne ya megawati 120, kisha miwili ya 220, na mwaka 2023 miwili zaidi ya 300.

Wageni hutazama moto. Mimi nawaomba mtazame maji, kwa sababu ndiyo yanayokiangusha kituo.

Makaa husagwa yawe laini kuliko unga wa bukari (ugali): asilimia 70 hivi hupita kwenye matundu ya mikroni 75, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Hewa ya moto huupuliza unga huo tanuruni, nao huwaka ukielea. Kuta za tanuru ni mabomba yaliyojaa maji. Maji hayo huwa mvuke, na mvuke wa nyuzi 540 hivi huzungusha turbini, gurudumu la mapanga linaloendesha jenereta, mara 3,000 kwa dakika, ndipo tunapata umeme wa herzi 50. Theluthi moja tu ya joto hugeuka umeme, hivyo mtambo wa megawati 120 hula takriban tani 50 za makaa mazuri kwa saa.

Maji ya boila, yaani tanuru na mabomba yake, lazima yatolewe chumvi na hewa kwanza. Chumvi ikibaki, hujenga ukoko ndani ya bomba kama ule wa birika. Joto halipiti tena vizuri kwenda majini, chuma kinalegea, kinavimba, kinapasuka. Oksijeni nayo hukichimba vishimo. Kwa nje, majivu yaendayo kasi hukisugua kama msasa. Anayebana matumizi kwenye dawa za maji anajitafutia gharama kubwa zaidi.

Dalili za bomba lililopasuka ni mlio wa mvuke tanuruni na maji ya nyongeza kutumika kuliko kawaida. Zimeni mapema! Mvuke unaochomoka kwenye bomba moja hukata mabomba ya jirani.

Tanuru ikipoa, pengine baada ya siku nzima, kipande kibovu hukatwa, kipya huchomelewa, kiungo hupigwa picha ya eksirei, kisha boila hujaribiwa kwa maji yenye shinikizo. Kuwasha tena huanza kwa mafuta, makaa baadaye.

Na turbini iliyozimwa ikiwa ya moto isiachwe isimame. Mota ndogo huuzungusha mhimili polepole mpaka upoe, la sivyo unapinda, na mhimili uliopinda huweza kuulaza mtambo miezi.