Nauli ni Sehemu ya Dozi: Mazungumzo juu ya Huduma ya Saratani Kanda ya Ziwa

Waheshimiwa madiwani, viongozi wetu wa dini, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na ninyi ndugu mnaouguza nyumbani. Wakubwa shikamooni, wengine nawasalimu. Nashukuru mmeacha shughuli zenu kuja hapa Mwanza kusikiliza habari ya ugonjwa ambao bado wengi wetu tunautaja kwa kunong'ona.

Nimeombwa nizungumzie huduma kamili ya saratani katika kituo ambacho mwananchi anaweza kukifikia. Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, kwa hiyo naomba nisianze na majengo wala mashine. Naanza na hesabu ya siku.

Tuseme mama ana saratani ya mlango wa kizazi. Haijafika mbali mwilini, lakini imeshapita hatua ya kuondolewa kwa upasuaji. Mama huyu hutibiwa kwa mionzi ya nje siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki tano hivi. Mara moja kila wiki anawekewa dripu ya sisplatini, dawa inayoufanya uvimbe ushindwe kuhimili mionzi. Halafu inafuata mionzi ya ndani, ambayo chanzo chake huingizwa mpaka kwenye uvimbe wenyewe. Yote hayo yanatakiwa yaishe ndani ya wiki nane.

Kwa nini nane? Kwa sababu seli za saratani zilizonusurika wiki za mwanzo huanza kuzaliana upya kwa kasi. Tafiti za miaka mingi zinaonyesha kwamba kila siku inayozidi muda huo hupunguza nafasi ya kuudhibiti uvimbe kwa takriban asilimia moja. Sasa huyu mama akirudi nyumbani wiki mbili katikati ya tiba, kwa kuwa mtoto anaumwa au hela ya kula imekwisha, madaktari hawawezi kumrudishia siku hizo kwa kuziongeza mwishoni tu. Ugonjwa umeshapata nafasi. Mtaalamu alipima vizuri na mashine ilifanya kazi yake, lakini tiba imevunjika kwa sababu ya sahani ya ugali.

Ndiyo maana ninaposikia watu wakiita nauli, malazi na chakula cha wagonjwa "misaada", nakataa. Nauli ni sehemu ya dozi. Mgonjwa aliyelipiwa mionzi ishirini na tano akapata kumi na nane tusiseme ametibiwa kwa sehemu kubwa; amecheleweshwa, na fedha iliyotumika kwake imepotea.

Wazee mliopo mnakumbuka. Kwa miaka mingi mionzi ilipatikana Ocean Road tu, Dar es Salaam, kwenye ile hospitali iliyojengwa na Wajerumani miaka ya 1890, ambayo mwaka 1996 ikawa Taasisi ya Saratani. Kutoka hapa ni zaidi ya kilomita elfu moja. Mgonjwa wa Bukoba au Musoma alipanda basi huku anatokwa na damu, akafika mjini asikojua mtu, akaambiwa asubiri zamu yake. Hospitali ya Bugando hapa Mwanza ilipoanza kutoa mionzi, mzigo huo ulipungua kwa kweli, na waliopigania jambo hilo wamefanya kazi kubwa. Lakini mtu wa Ukerewe bado anahitaji kivuko, wa Kibondo bado anahitaji siku nzima barabarani, na wote wanahitaji mahali pa kulala kwa wiki saba. Tumesogeza mashine. Safari yote bado tumemwachia mgonjwa.

Sera ya nchi imekuwa ikimweka mgonjwa wa saratani katika kundi la msamaha wa gharama kwenye vituo vya umma. Sera hiyo ni nzuri na naiunga mkono. Tatizo ni kwamba msamaha humkuta mgonjwa akiwa tayari amejulikana kuwa ana saratani, na kufika hapo ndiko kunakommaliza. Ameshalipia zahanati iliyomtibu "U.T.I." mara tatu. Ameshalipia kipimo cha picha, ameshakatwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa, na amesafiri mara mbili kufuata majibu ambayo hayajatoka. Anapofika mlango wa msamaha, ng'ombe wameshauzwa.

Kuhusu hicho kinyama, niwasemeshe wahudumu wenzangu wa hospitali za wilaya. Kinyama kiingie kwenye fomalini, ile dawa ya maji inayokizuia kisioze, mara tu kinapotoka mwilini, na fomalini iwe karibu mara kumi ya ujazo wa kinyama chenyewe. Nimeona vichupa vidogo vya dawa vimejazwa kinyama pomoni, fomalini tone. Kinaoza katikati, mpatholojia, mtaalamu anayekipima, hawezi kusoma kitu, mama anaitwa kukatwa tena. Mara hiyo ya pili harudi. Na nani atamlaumu? Kijijini wameshamwambia kwamba saratani ikiguswa na kisu inasambaa, na yeye amekatwa mara moja bila hata kupewa jibu.

Mwaka 2011 nchi hii ilishuhudia watu wakipanga foleni za kilomita nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya Babu. Wapo wagonjwa walioacha dawa zao wakaenda, na wengine tuliwapoteza. Nililia wakati ule. Lakini nilijiuliza pia wale watu waliona nini kule ambacho hawakukiona kwetu. Bei ilijulikana kabla hujaondoka nyumbani: shilingi 500. Kikombe kilikuwa kimoja. Hakuna aliyekuambia njoo kesho, daktari hayupo. Kituo cha saratani kinachotaka watu wakiamini lazima kiweze kumwambia mgonjwa, siku ile ya kwanza kabisa, tiba yake itachukua wiki ngapi, atalala wapi, atakula nini, atalipa kiasi gani, na akikwama ampigie nani. Mengi ya hayo hayahitaji mtaalamu kutoka nje. Yanahitaji afisa ustawi wa jamii mwenye meza, simu na muda, anayemwona mgonjwa kabla ya dripu ya kwanza badala ya kuitwa wakati mtu ameshatoroka wodini.

Nije kwa watoto. Ukanda wetu huu wa ziwa una ugonjwa unaoota kwenye taya, jino linalegea, jicho linasukumwa nje, wakati mwingine tumbo linajaa. Daktari Denis Burkitt aliuandika kutoka Kampala mwaka 1958, na unaitwa kwa jina lake hadi leo. Unahusiana na malaria ya mara kwa mara pamoja na kirusi kinachoitwa Epstein-Barr. Ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Lakini pia ni miongoni mwa zinazosikia dawa upesi. Mtoto anawekewa dripu ya kwanza, na baada ya siku chache uvimbe umenywea, anacheka, anaomba samaki.

Hapo ndipo tunapompoteza. Baba anatazama, anaona mwanawe amepona, shamba linamsubiri, na wale wengine wanne wameachwa kwa bibi. Anamchukua usiku. Wiki chache baadaye anamrudisha, uvimbe umerudi na umefika kwenye uti wa mgongo au kichwani, na safari hii dawa haisikii kama mwanzo. Baba yule anampenda mwanawe. Hakuelezwa kwamba uvimbe kunywea ni mwanzo wa tiba, au alielezwa kwa haraka, kwa maneno ya hospitali, siku aliyokuwa hajala. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na katika nchi maskini ni chini ya asilimia 30. Dawa ni sehemu ya tofauti hiyo. Sehemu nyingine ni hii ya baba na shamba lake. Pale Muhimbili, shirika la Tumaini la Maisha limeonyesha kwamba mzazi akipata malazi, mtoto akapata chakula na hata mahali pa kuchezea na kusoma, familia hukaa mpaka tiba iishe.

Ninyi mnaouguza nyumbani, jambo moja msiliache hapa. Mgonjwa aliyewekewa dripu ya saratani, hasa kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, kinga yake inashuka sana. Akipata homa ya nyuzi 38, au akitetemeka kwa baridi, hiyo ni dharura. Msimpe panadoli mkasubiri asubuhi. Aende hospitali saa hiyo hiyo na mseme mlangoni: "Huyu yuko kwenye dripu za saratani." Kila familia inayoondoka kituoni inapaswa kupewa kipimajoto na kufundishwa kukisoma. Ni kitu cha bei ndogo, na kinaokoa maisha.

Sasa maumivu. Hapa nitakaa, maana hii ndiyo kazi yangu.

Mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, ile ya maji hutengenezwa kwa unga unaochanganywa na maji safi na dawa ya kuzuia isiharibike. Gharama yake ni ndogo. Mgonjwa hunywa kila baada ya saa nne, na dozi ya kulalia huwa mara mbili ya ile ya mchana ili apate usingizi hadi alfajiri. Humpi anapolia, unampa kwa saa, kabla maumivu hayajarudi. Anayeandika mofini aandike na dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo, kwa sababu mofini hufunga choo. Siku mbili tatu za mwanzo mgonjwa anaweza kusinzia sana, na ndugu hushtuka wakidhani tumempa sumu. Mara nyingi huyo mtu ana wiki kadhaa hajalala, na mwili unalipa deni lake.

Watu wengi, hata baadhi ya wenzetu wenye makoti meupe, wanaamini mofini ni dawa ya kufia. Hapana. Nimeona mama akianza mofini, maumivu yakatulia, akaweza kukaa kwenye basi na kumaliza mionzi ambayo alikuwa ameikataa kwa sababu hakuweza kulala chali kwenye kitanda cha mashine. Jirani zetu wa Uganda walitangulia katika hili. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mofini ya kunywa ikaanza kufika majumbani mwa wagonjwa. Mwaka 2004 sheria ya Uganda ikaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika wenyewe. Walitambua kwamba kijijini hakuna daktari, na maumivu hayasubiri daktari apangiwe kituo. Natamani kila wilaya ya kanda hii iwe na muuguzi wa namna hiyo, mwenye mafunzo na mwenye dawa kwenye kabati.

Uganda pia ina funzo la upande mwingine. Mwaka 2016 mashine yao pekee ya mionzi pale hospitali ya Mulago, Kampala, iliharibika kabisa, na zaidi ya mwaka ulipita kabla mpya haijaanza kazi. Nchi nzima. Katika kipindi kile waliobaki wakiwahudumia wagonjwa wengi ni hao hao wauguzi wenye chupa za mofini. Tununue mashine, ndiyo, na tununue zaidi ya moja. Lakini kituo kinachojua mashine tu kitasimama siku umeme au kifaa kitakapokataa.

Kuna jambo ambalo akina mama huniambia mlango ukiwa umefungwa. Ni harufu. Saratani ya kizazi au kidonda cha titi kinaweza kutoa harufu inayomfanya mtu asiende kanisani, asiende msikitini, atengewe sahani yake, mume ahamie chumba kingine. Wengi hudhani hakuna la kufanya. Lipo. Vidonge vya metronidazo vinasagwa vikawa unga, vinanyunyizwa juu ya kidonda kinaposafishwa, na harufu hupungua sana ndani ya siku chache. Ni dawa ya kawaida kwenye zahanati. Muuguzi akikufundisha mara moja, unaweza kuendelea nyumbani. Mama mmoja wa visiwani aliniambia baada ya hapo wajukuu walirudi kulala naye. Hakuna kipimo cha hospitali kinachoandika hilo, lakini mimi nalihesabu.

Wanaume, nanyi nawaomba. Mionzi ya nyonga hubadilisha mwili wa mwanamke: uke unaweza kusinyaa na kukauka, na hedhi hukoma hata kwa mwenye miaka 30. Kuna mafunzo ya kumsaidia, lakini tunayatoa kwa mke peke yake huku mume yuko nje anaangalia simu. Ingieni ndani. Saratani hii haiambukizi kitandani, wala mionzi aliyopata kwenye mashine haibaki mwilini mwake ikakudhuru.

Kuhusu kinga nitapita haraka kwa kuwa wenzangu wamelizungumza. Chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ilianza nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ikawa dozi moja, ilipotolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wapelekeni. Kwa mwanamke mtu mzima, kipimo cha siki, inayopakwa kwenye mlango wa kizazi kuonyesha dalili za mwanzo, hakichukui muda mrefu, na wenye maambukizi ya VVU wasikose, kwani hatari ya saratani hiyo kwao ni karibu mara sita.

Nimepokea kikaratasi kutoka kwa mheshimiwa diwani. Anauliza: kituo cha afya cha kata, kisicho na daktari bingwa, kianzie wapi? Mheshimiwa, kianzie na daftari. Jina la kila mgonjwa wa saratani wa kata yako, kijiji chake, tarehe ya kurudi kliniki, namba yake na ya ndugu mmoja anayepatikana. Mtu mmoja apewe jukumu la kulifungua kila Jumatatu. Mgonjwa asipofika siku yake, apigiwe simu siku hiyo hiyo. Simu isipopatikana, mhudumu wa kijiji aende na baiskeli. Halafu kwenye bajeti yenu ya mwaka ujao mtenge fungu la nauli, liandikwe kwenye kifungu cha dawa, na mganga mkuu aruhusiwe kulitoa bila kusubiri kikao.