Tuta Lisilale Uchi: Udongo wa Bustani Katika Majira ya Baridi

SALMA: Msikilizaji, karibu. Leo tunaingia bustanini wakati wengine wanatoka. Mimi ni Salma, na niko hapa na mwenzangu Mussa. Iwe baridi yako inakuja Desemba au Juni, mazungumzo haya yanakuhusu. Kaka Mussa, nianze na swali tunaloulizwa kila baridi inapokaribia: nimevuna, nimeng'oa mashina yote, tuta liko safi. Nifanye nini sasa?

MUSSA: Hapo kwenye "safi" ndipo ninapopata wasiwasi, dada Salma. Tuta lililofagiliwa likabaki udongo mtupu linaingia kwenye baridi likiwa halina kinga yoyote.

SALMA: Lakini watu wanasema udongo nao unahitaji kupumzika.

MUSSA: Upumzike, sawa, ila usiachwe wazi. Chukua tone la mvua. Tone kubwa linatua kwa mwendo wa karibu kilomita 30 kwa saa. Likiangukia jani, nguvu inaishia pale. Likiangukia udongo mtupu, linavunjavunja vile vibonge vidogo vinavyoupa udongo nafasi ya kupumua. Chembe laini zinaziba matundu, juu panatanda gamba, na mvua inayofuata haizami. Inatiririka, na inapotiririka inaondoka na tabaka la juu, lile lenye mboji.

SALMA: Nakazia hapo kwenye matundu, maana watu wanadhani udongo ni kitu kigumu kitupu. Udongo mzuri wa bustani, karibu nusu ya ujazo wake ni nafasi: robo maji, robo hewa. Ukiyaziba matundu umewanyima hewa mizizi na viumbe vyote vinavyoishi humo.

MUSSA: Na kuna hasara nyingine ambayo macho hayaioni. Nitrojeni iliyobaki baada ya mavuno sehemu kubwa iko katika umbo la nitreti. Nitreti ina chaji hasi, na chembe za mfinyanzi nazo zina chaji hasi, kwa hiyo hazishikani. Mvua ikinyesha, nitreti inashuka na maji mpaka chini kabisa, mizizi isikoweza kufika. Mbolea uliyoihangaikia msimu mzima inapotea hivyo hivyo, kimya kimya.

SALMA: Isipokuwa kama kuna mzizi ulio hai wa kuidaka.

MUSSA: Ndiyo maana mimi napanda mazao ya kufunika udongo. Kuna rai, nafaka ndugu wa ngano, ambayo inaota hata udongo ukiwa nyuzi mbili tatu tu juu ya sifuri. Hiyo ni ya mtu aliyechelewa. Klova na wenzake wa jamii ya kunde wanataka kuwahiwa, wiki kadhaa kabla ya jalidi ya kwanza, ule umande ulioganda, ili mizizi ijijenge na wale bakteria wa kwenye vinundu vya mizizi waanze kazi ya kuvuta nitrojeni ya hewani. Rai inaiokoa nitrojeni iliyopo, klova inaleta nyingine. Mimi nachanganya zote mbili.

SALMA: Waambie na lini waikate, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokwama. Joto linarudi, rai imefika kiunoni, na mtu hajui aanzie wapi.

MUSSA: Kata kabla haijatoa mbegu. Mashina yakishakomaa yanakuwa magumu na yanachelewa kuoza. Ukishakata, subiri wiki mbili au tatu ndipo upande, hasa kama unapanda mbegu ndogo kama za karoti au saladi. Rai inapooza inatoa kemikali zinazozuia mbegu ndogo kuota. Miche iliyokwisha kua haisumbuliwi sana.

SALMA: Mwenye kituta kimoja tu, au mwenye vyungu, asihangaike na rai. Matandazo yanamtosha. Majani makavu, nyasi kavu zisizo na mbegu, unene wa sentimita 5 hadi 10. Majani mapana uyakatekate kwanza, maana yakilowa yanashikana na kuwa utando usiopitisha maji wala hewa. Na acha nafasi kidogo kuzunguka shina. Matandazo yakigusa shina wakati wote wa unyevu, shina linaoza, na koa wanapata maficho jirani kabisa na chakula chao.

MUSSA: Sasa tufike kwenye jembe, maana najua hapa hatukubaliani.

SALMA: Hatukubaliani, lakini tuanze na tunalokubaliana. Usilime udongo uliolowa.

MUSSA: Kabisa.

SALMA: Chota udongo wa kina cha kiganja, ufinyange mkononi, halafu uusukume kwa kidole gumba. Ukimeguka, unaweza kuingia kazini. Ukibaki donge linalong'aa, rudi nyumbani. Udongo wa mfinyanzi ukikanyagwa au kulimwa ukiwa umelowa unashindiliwa, na ule mshindilio hautaisha kwa msimu mmoja. Weka ubao wa kukanyagia kama ni lazima upite. Katika mambo yote tutakayosema leo, hili ndilo ningependa lifuatwe hata kama mengine yote yatasahaulika.

MUSSA: Haya. Mimi nasema hivi: mwenye mfinyanzi mzito, alime mara moja kabla ya baridi kali, aache mabonge makubwa bila kuyasawazisha. Maji yaliyo ndani ya bonge yakiganda yanaongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9. Yanaganda, yanayeyuka, yanaganda tena, na bonge linapasuka lenyewe. Baridi inakufanyia kazi ambayo jembe lingekutoa jasho.

SALMA: Hiyo inafaa pale tu ambapo udongo unaganda kweli. Kwenye baridi ya mvua isiyo na barafu, mabonge yako yatayeyuka kuwa tope. Halafu umelirudisha lile lile ulilolilaumu mwanzo: udongo ulio wazi. Na umekata nyuzi za kuvu, zile zinazoshikamana na mizizi na kuiletea maji na fosforasi. Mimi namwaga mboji juu, sentimita 5 hivi, nafunika, nawaachia nyungunyungu. Charles Darwin aliwachunguza kwa miaka mingi, na mwaka 1881 akaandika jinsi wanavyougeuza udongo na kuuleta juu kidogo kidogo. Baridi ikizidi wanashuka chini zaidi, joto likirudi wanapanda, na yale mashimo yao yanabaki kuwa njia za maji na mizizi.

MUSSA: Kwenye tuta ambalo tayari lina uhai, nakubali, jembe halina haja. Lakini kwenye tuta jipya, udongo umeshindiliwa kwa miaka, nyungunyungu hata hawamo. Hapo natifua mara moja, nachanganya mboji, nafunika siku hiyo hiyo.

SALMA: Siku hiyo hiyo. Kwa sharti hilo sina ubishi.

MUSSA: Tuje kwenye lundo la mboji. Watu wanaliona limepoa wanadhani limekufa.

SALMA: Halijafa. Kwa kukadiria, kila joto likishuka nyuzi 10, kasi ya vijidudu inapungua kama nusu. Kazi inaendelea, taratibu. Ukitaka lundo libaki na joto baridi yote, ukubwa ndio siri: angalau mita moja kila upande, kwa sababu lundo dogo linapoteza joto kuliko linavyolizalisha. Lundo kubwa lililopangwa vizuri linaweza kufika nyuzi 55 na zaidi hata nje kukiwa na baridi.

MUSSA: Na huo mpangilio?

SALMA: Sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya nitrojeni. Usikae kupiga hesabu. Tatizo la kawaida la baridi ni mabaki mabichi ya jikoni kuwa mengi na vitu vikavu kukosekana, lundo linalowa na kunuka. Kwa hiyo kusanya majani makavu wakati yanaanguka, weka gunia kando, na kila ukimwaga mabaki ya jikoni funika na majani yaliyo mara mbili yake. Lifunike lisinyeshewe moja kwa moja.

MUSSA: Samadi mbichi nayo iende wakati huu, ioze mapema. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 kati ya kuitia samadi mbichi na kuvuna zao ambalo sehemu inayoliwa inagusa udongo, kama karoti. Ila usiimwage juu ya udongo ulioganda au ulio wazi kwenye mteremko, itasombwa yote. Chokaa vilevile, ile ya kupunguza asidi ya udongo, inachukua miezi kufanya kazi, kwa hiyo baridi ni wakati wake. Lakini pima kwanza. Mboga nyingi zinaridhika na pH, yaani kipimo cha asidi, kati ya 6 na 7.

SALMA: Na majivu ya kuni yanafanya kazi ya aina hiyo hiyo, kwa hiyo usimwage kila siku pale pale eti ni bure.

MUSSA: Kinachokua sasa?

SALMA: Spinachi, kabichi, karoti, liki. Ziwe zimeshakua kabla mwanga haujapungua, kwa sababu siku ikiwa na mwanga chini ya saa 10 mimea karibu inasimama. Utakuwa unavuna kutoka kwenye kile kilichokwisha kua. Na karoti iliyopigwa na baridi ni tamu zaidi, kwani inageuza wanga kuwa sukari ili isigande.

MUSSA: Usiku wa jalidi?

SALMA: Kama udongo ni mkavu, umwagilie mchana wa siku hiyo. Udongo wenye unyevu unahifadhi joto la jua kuliko mkavu, na unaliachia usiku. Jioni funika mimea kwa kitambaa chepesi kinachofika mpaka chini, asubuhi kiondoe.

MUSSA: Tumalizie na kitunguu saumu, kuna msikilizaji alituuliza kwa nini chake kilitoka donge moja bila punje.

SALMA: Hakikupata baridi ya kutosha. Kitunguu saumu kinahitaji wiki kadhaa za baridi ndipo kigawanyike. Mwambie apande mapema katika msimu, punje kubwa kubwa, ncha juu, kina cha sentimita 5, na kati ya punje na punje aache sentimita 10 hadi 15. Halafu afunike kwa matandazo. Majani mabichi yatayapenya yenyewe.