Tuzo za Watumishi Hospitalini: Tendo Litajwe

BARAKA: Karibuni tena wasikilizaji wetu. Mimi ni Baraka, na niko na dada Asha, ambaye ameuguza wodini mpaka amestaafu. Dada, shikamoo.

ASHA: Marahaba, mdogo wangu. Na ninyi mnaotusikiliza, hamjambo?

BARAKA: Leo tuko kwenye hospitali kubwa, hizi zinazofundisha madaktari na wauguzi: Muhimbili, KCMC kule Moshi, Moi ya Eldoret na nyingine kama hizo. Tunazungumzia namna watumishi wanavyotambuliwa. Mei Mosi mfanyakazi bora anaitwa mbele, anapewa cheti na bahasha, anapigwa picha na mkurugenzi, na jioni picha imeshazunguka kwenye magrupu. Tarehe 12 mwezi huohuo ni Siku ya Wauguzi Duniani, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820. Mishumaa inawashwa, na vyeti vingine vinatoka.

ASHA: Vitoke tu, watu wanastahili. Ila mimi kila mwaka nakaa pale nasubiri kusikia: huyu alifanya nini? Jina linasomwa, vigelegele, basi. Ukiuliza unaambiwa ni mchapakazi, mnyenyekevu, anajituma. Sifa hizo unaweza kumpa mtu yeyote hata kama hujawahi kukaa naye zamu moja. Mtumishi anatambuliwa pale tendo lake linapotajwa.

BARAKA: Kuna mahali wanafanya hivyo?

ASHA: Wapo. Marekani kuna tuzo ya wauguzi inaitwa DAISY, na hospitali nyingi za vyuo vikuu kule wanaitoa. Chanzo chake ni msiba. Mwaka 1999 kijana mmoja, Patrick Barnes, alifariki akiwa na miaka 33 tu. Kinga yake ya mwili ilikuwa inashambulia chembe za damu, zile zinazosaidia damu kuganda. Familia ilikaa naye hospitalini wiki kadhaa. Baada ya mazishi wakajiuliza wafanye nini, na kilichowarudia akilini ni wauguzi: walivyomgusa mtoto wao, walivyozungumza naye hata alipokuwa hajitambui.

BARAKA: Kwa hiyo wao wenyewe ndio wakaanzisha tuzo.

ASHA: Wao wenyewe. Na hapo ndipo ninapoipenda. Mgonjwa au ndugu yake anaandika kisa: muuguzi fulani alinifanyia hiki. Siku ya kutoa tuzo kisa kinasomwa mbele ya wenzake, palepale wodini, na watu wanakula mikate ya mdalasini. Marehemu aliitamani akiwa kitandani, akaomba na wauguzi waletewe.

BARAKA: Na anayeshinda anapewa kinyago cha jiwe kilichochongwa na mafundi wa Kishona wa Zimbabwe. Niliposoma hilo nilifurahi sana. Muuguzi yuko Iowa, yuko Seattle, na juu ya meza yake pana kazi ya mkono wa fundi wa Zimbabwe.

ASHA: Ni jambo la heshima kwetu sote.

BARAKA: Sasa dada, nikubishie kidogo. Mgonjwa atamwandikia mtu aliyemwona. Mimi nilikuwa chumba cha mafaili. Usiku mgonjwa wa sukari analetwa hajitambui, daktari anataka kujua mara ya mwisho alipewa dawa gani. Faili likipatikana ndani ya dakika tano, anayeshukuriwa ni daktari. Na ni haki, daktari kafanya kazi. Lakini aliyelichimbua lile faili kwenye rafu hakuna atakayemkumbuka.

ASHA: Hapo umegusa penyewe. Ngoja nikupeleke chumba cha kutakasa vifaa, saa kumi alfajiri. Joto. Mhudumu ana aproni ya plastiki na glavu nzito zinazofika kwenye viwiko. Trei zinashuka kutoka thieta: mikasi, vibanio, koleo, vyote vina damu. Anakifungua kila kimoja mpaka mwisho, anapiga brashi pale kwenye bawaba, kwa sababu uchafu ukibaki pale mvuke haupenyi. Anasuuza, anakausha, anahesabu, anafunga kwa kitambaa, anabandika utepe. Mashine inapanda mpaka nyuzi 134. Pakiti ikitoka, ile mistari kwenye utepe imegeuka nyeusi.

BARAKA: Hapo unajua ni salama.

ASHA: Hapana, Baraka. Utepe unakwambia pakiti imepita kwenye joto. Hauwezi kukwambia kwamba mkasi ulisuguliwa kwenye bawaba. Hilo analijua yeye aliyeusugua, alfajiri, hakuna anayemwangalia. Sasa fikiria mama aliyepasuliwa akajifungua salama, kidonda kikafunga vizuri, akarudi nyumbani na mtoto. Atamwandikia nani? Hajui kama kuna mtu alikuwepo.

BARAKA: Kule Marekani baadhi ya hospitali zimeongeza tuzo ya pili kwa wasio wauguzi. Wameiita BEE, nyuki.

ASHA: Ni hatua nzuri. Ila bado nasema kisa kiandikwe na anayepokea kazi ya mtu. Daktari wa upasuaji ndiye anayepokea trei, basi amwandikie yule wa kutakasa. Muuguzi wa wodi awaandikie watu wa kufulia mashuka. Daktari wa zamu akuandikie wewe wa mafaili. Hakuna mwingine awezaye.

BARAKA: Na hospitali ya chuo ina kundi jingine, wale wanaofundisha bila kuitwa walimu.

ASHA: Ewaa! Profesa anaandika utafiti, unachapishwa, anapanda cheo, na ni sawa kabisa. Lakini daktari anayetoka chuo na kuja kwenye mafunzo kwa vitendo, usiku wa kwanza wodi ya wazazi, nani anasimama nyuma yake? Ni mkunga wa miaka mingi. Anamnong'oneza, "Daktari, tusubiri kidogo, mama bado hajawa tayari." Hamwaibishi mbele ya mgonjwa. Kesho yule kijana ni bingwa, jina liko mlangoni. Maneno yale ya usiku hayapo kwenye ripoti yoyote. Ningekuwa na uwezo, kila bingwa ningemwambia aandike ukurasa mmoja kuhusu mkunga wake.

BARAKA: Kuna tuzo kubwa za fedha pia. Ile ya wauguzi inayotolewa na Aster, kampuni ya hospitali ya Dubai, dola 250,000. Mwaka 2022 aliichukua Anna Qabale Duba, muuguzi wa Marsabit, Kenya, anayepigania wasichana wasome na wasikeketwe. Mwaka 2025 ikaenda Ghana, kwa Naomi Oyoe Ohene Oti, muuguzi wa saratani pale hospitali ya Korle Bu.

ASHA: Tuliwashangilia wote wawili. Na angalia, kila mmoja ukimtaja unataja na kazi yake. Huhitaji kusema anajituma.

BARAKA: Kabla hatujafunga, wasikilizaji wengi wametuandikia kwamba cheti hakilipi posho ya zamu.

ASHA: Hawajakosea, na nisingependa tuzo itumike kuwanyamazisha. Posho ya zamu ni haki ya mtu, ilipwe kwa wakati. Mtumishi anayedai malimbikizo ya miezi ukimpa cheti unamuumiza mara ya pili. Lipeni kwanza, kisha simameni mseme alichofanya. Watu wanahitaji vyote viwili.

BARAKA: Basi tuwape kazi wasikilizaji wetu wa hospitalini. Wiki hii usitume jina. Tuma tendo: nani alikukabidhi kazi iliyofanyika vizuri, siku gani, na wewe ukaweza kufanya nini kwa sababu yake. Visa vyenu tutavisoma hapa, kwa ruhusa yenu, bila kumtaja mgonjwa yeyote.

ASHA: Na walio vyumba vya kutakasa, kufulia na mochwari, nawasubiri zaidi ninyi. Mwambieni aliye jirani yenu awaandikie.

BARAKA: Ahsante, dada Asha. Walio zamu ya usiku leo, kazi njema.