Kesho Kutakuwa na Mawimbi? Mhadhara kuhusu Bahari ya Dar es Salaam na Namna ya Kuisoma

Ndugu wasikilizaji, wazee wetu wa pwani, walimu, na ninyi vijana mliokuja na mbao zenu za kutelezea mawimbi mkaziegemeza pale ukutani, nawashukuru kwa kufika. Niliombwa nizungumzie swali ambalo kila anayekwenda Coco Beach na ubao kwapani huulizwa na wenzake jioni: je, kesho kutakuwa na mawimbi? Jibu lililozoeleka ni kwamba bahari ya Dar es Salaam haina utaratibu, kwamba leo ina mawimbi na kesho imetulia, na kwamba hakuna ajuaye kwa nini. Mimi nashikilia kinyume chake. Ni kweli kwamba siku zetu nzuri za kuteleza juu ya mawimbi ni chache, lakini uchache huo una sababu zinazojulikana, na mtu aliyezielewa anaweza kusema siku kadhaa mapema ni asubuhi ipi inastahili kuamkiwa alfajiri.

Tuanze na mahali tulipo. Ukisimama Oysterbay, ilipo Coco Beach, ukaitazama bahari, kushoto kwako kuna Unguja, na kulia kwako pwani ya Kigamboni inakwenda ikichomoza hadi Ras Kimbiji, na mbele zaidi upande huo huo iko Mafia. Sisi tuko katikati, tukiitazama Bahari ya Hindi kupitia mlango ulioachwa wazi nusu: upande wa mashariki na kusini-mashariki uko wazi, ilhali kaskazini na kusini pamezibwa. Wimbi lolote litakalotufikia likiwa na nguvu zake sharti lipite katika mlango huo, na hata baada ya kupita, mahali pengine hukutana na visiwa vidogo vya karibu. Ndiyo maana bahari inaweza kuchafuka huko Ras Kutani huku Msasani ndani, nyuma ya kisiwa cha Bongoyo, boti zikiwa zimetulia.

Tena mbali zaidi kuna Madagascar. Mawimbi makubwa kuliko yote duniani huzaliwa katika bahari ya kusini, kati ya digrii 40 na digrii 60 kusini ya ikweta, ambako dhoruba huzunguka mwaka mzima bila kukutana na bara la kuzizuia. Mawimbi hayo husafiri masafa marefu mno. Mwaka 1963 mwanasayansi wa Marekani Walter Munk na wenzake waliyafuatilia kwa vipimo kutoka kusini ya mbali hadi Alaska, yakivuka Bahari ya Pasifiki nzima. Kwetu hali ni tofauti, kwa sababu Madagascar imesimama njiani kwa urefu wa karibu kilomita 1,600. Wimbi la kusini linalotaka kufika Dar es Salaam hupenya Mlango wa Msumbiji, likapita Komoro, likapita Mafia, kisha likajipinda kuzunguka Ras Kimbiji, na kila linapojipinda hupungua kimo. Linalobaki likifika Oysterbay mara nyingi halimfiki mtu kiunoni.

Kwa hiyo chakula chetu cha kila siku, nikiruhusiwa kusema hivyo, ni wimbi la kusi, upepo wa msimu utokao kusini. Kuanzia mwezi wa Juni hadi Agosti mgandamizo mkubwa wa hewa wa Mascarene, ulio mashariki ya Madagascar, huimarika na kusukuma upepo wa kusini-mashariki juu ya eneo kubwa la bahari, na sehemu ya upepo huo hupita kaskazini ya Madagascar na kuja moja kwa moja kwetu. Anayetaka kujua kama wiki ijayo itakuwa na mawimbi hapaswi kuanza kwa kutazama anga ya Dar es Salaam, maana anga yetu inaweza kuwa safi kabisa huku upepo uliokusudiwa ukiwa mamia ya kilomita baharini. Aanze kwa kuuliza kama mgandamizo ule umeimarika, na kama upepo umevuma kwa nguvu siku mbili au tatu mfululizo. Upepo wa nusu siku huvuruga uso wa bahari tu. Wimbi zuri linahitaji upepo uvume kwa muda mrefu na juu ya masafa marefu.

Sasa naomba tusome utabiri mmoja pamoja, kwa sababu hapa ndipo wengi hupotea. Chukulieni kwamba simu yako imekuandikia siku ya Julai: kimo mita 1.8, sekunde 8, kutoka kusini-mashariki. Kijana huona mita 1.8 akafurahi. Mimi kwanza hutazama zile sekunde. Sekunde ni muda unaopita kati ya kilele kimoja na kinachofuata, na ndizo zinazokueleza wimbi limetoka wapi na lina uzito gani. Wimbi la sekunde 8 katika kilindi lina urefu wa karibu mita 100 kutoka kilele hadi kilele, na nguvu zake husafiri kwa kasi ya kilomita 22 hivi kwa saa. Ni mtoto wa upepo wa karibu. Wimbi la sekunde 14 lina urefu wa karibu mita 300 na nguvu zake husafiri karibu kilomita 40 kwa saa, kwa hiyo dhoruba iliyo umbali wa kilomita 4,200 hutuletea wimbi lake baada ya siku nne na nusu. Wimbi huanza kuigusa sakafu ya bahari pale kina kinapofika nusu ya urefu wake. Hilo la sekunde 14 huigusa sakafu mapema, hujipinda kuufuata mwambao, na linapofika kwenye maji mafupi huinuka kuliko lilivyokuwa kilindini. La sekunde 8 haliinuki kwa kiasi hicho, na jirani yake yuko nyuma yake mara moja, kiasi kwamba anayepiga makasia kwa mikono kutoka nje hapati nafasi ya kupumua.

Kisha tazama mita zenyewe. Kipimo hicho ni cha bahari wazi. Programu zinazotengeneza tabiri hizi hugawanya bahari katika miraba yenye upana wa makumi ya kilomita, na katika mraba wa namna hiyo Bongoyo haionekani, Mbudya haionekani, wala mwamba wa Coco hauonekani. Ile mita 1.8 iko huko nje, na kinachofika mahali unapoogelea huamuliwa na mwelekeo. Ikiwa limetoka mashariki au kusini-mashariki hasa, sehemu kubwa itaingia. Likielemea kusini zaidi, Ras Kimbiji italipunguza sana kwa Oysterbay, ilhali anayekaa kusini ya Kigamboni atalipata karibu zima. Watu wawili wanaweza kusoma utabiri huo huo asubuhi hiyo hiyo, mmoja akiwa Coco na mwingine kule chini ya Mjimwema, na kila mmoja akamwona mwenzake kuwa ni mwongo.

Nimefika kwenye maji yenyewe, yaani kupwa na kujaa, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu naona ndipo penye ufunguo wa pwani yetu. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hapa kwetu huzidi mita 3, na siku za maji mafu, katikati ya bamvua mbili, hushuka hadi karibu mita 1. Nendeni Coco siku ya bamvua saa nne asubuhi. Maji yamepwa, mwamba umetoka nje wote, mweusi, wenye mashimo na makali yanayokata mguu wa asiyevaa viatu, na watoto wanachokonoa pweza mahali ambapo jioni watu wataogelea. Wimbi linavunjikia kule ukingoni, juu ya maji yasiyofika gotini, na anayeanguka pale anaangukia jiwe. Rudini saa kumi jioni. Maji yamejaa, mwamba umezama kabisa, na wimbi lile lile linapita juu yake bila kuvunjika, linakuja kujipigia mchangani hatua chache kutoka barabarani. Kati ya hali hizo mbili kuna muda mfupi ambao maji juu ya mwamba yana kina kinachofaa, kwa kuwa wimbi huvunjika pale kina kinapokuwa kama mara moja na theluthi ya kimo chake: la mita 1 hutaka maji ya mita 1.3. Kwa maoni yangu muda huo ni zile saa mbili kabla ya maji kujaa, wakati maji yanapanda na bado hayajawa mengi.

Wavuvi hawahitaji kuelezwa haya. Wao huhesabu tarehe za mwezi mwandamo, na wanajua kwamba mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, kisha kila siku husogea mbele kwa dakika arobaini, hamsini au zaidi. Nawaomba vijana wachukue hesabu hiyo na kuiunganisha na jambo jingine ambalo wavuvi pia wanalijua: upepo wa siku. Wakati wa kusi, alfajiri mara nyingi huvuma umande kutoka bara, upepo mwepesi unaolisawazisha wimbi na kulishikilia lisimame kidogo kabla ya kuanguka. Jua likipanda, bara hupata joto, na kuanzia saa nne au saa tano upepo wa baharini huingia, uso wa maji hujaa vijiwimbi vyenye povu, na kazi imekwisha. Basi tunachokitafuta ni siku ambayo zile saa mbili kabla ya kujaa zinaangukia alfajiri. Fanyeni hesabu kutoka saa kumi ya mwezi mwandamo: mwezi tano na mwezi sita, yaani siku ya tano na ya sita tangu mwezi kuandama, maji hujaa kati ya saa moja na nusu na saa mbili na nusu asubuhi, na hali hujirudia karibu mwezi ishirini na ishirini na moja. Siku hizo chache, mara mbili kwa mwezi, zikikutana na wimbi la kusini-mashariki lenye sekunde 9 au zaidi, Coco hubadilika. Zisipokutana, hata wimbi zuri litapita usiku au litavunjika juu ya mwamba mtupu. Hicho ndicho watu wanachokiita bahari isiyotabirika.

Miezi mingine nitaipitia kwa haraka. Kaskazi, upepo wa msimu utokao kaskazini, kuanzia Desemba hadi Machi, hutuletea mawimbi mafupi ya alasiri, kwa kuwa Unguja hutukinga upande huo. Ni majira ya wenye matanga na vishada zaidi kuliko wenye mbao. Matlai, kati ya misimu hiyo miwili, ni bahari tulivu ya kuogelea na kufundishia watoto.

Kuna jambo moja la miezi ya mwisho wa kaskazi na mwanzo wa kusi ambalo siwezi kulipita haraka. Kimbunga kikizaliwa kaskazini-mashariki ya Madagascar, mlango wetu uko wazi kwake, na mawimbi yake hutufikia marefu na yaliyopangika, wakati mwingine upepo wa hapa ukiwa mdogo. Ndiyo mawimbi yanayomvutia zaidi kijana mwenye ubao, na ndiyo nisiyotaka aingie. Vimbunga ni nadra karibu hivi na ikweta, lakini si hadithi: Jobo alitukaribia Aprili 2021 akiwa amekwisha kudhoofika, na Hidaya alifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na katika kusi yenyewe mara nyingi hutangaza upepo unaofika kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2. Tangazo hilo linasemwa kwa ajili ya watu wanaopoteza maisha. Boti ya abiria Mv Skagit iliondoka hapa kwenda Unguja mchana wa tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, bahari ikiwa imechafuka, ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe na watu wengi wakafa. Anayesoma utabiri kwa ajili ya mchezo anasoma takwimu zile zile anazozisoma nahodha mwenye abiria, na ni haki amwambie jirani yake mwenye ngalawa alichokiona.

Mvua za masika nazo zina neno lao. Mto Msimbazi ukijaa hutoa maji ya kahawia pale karibu na Daraja la Tanzanite, yakiwa na takataka za mji mzima, na mkondo wa pwani unaoelekea kaskazini huyasogeza upande wa Oysterbay. Hata wimbi likiwa zuri kiasi gani, siku mbili au tatu baada ya mvua kubwa mimi husema watu wasiingie majini.

Ninachowaomba ninyi mnaokwenda baharini mara kwa mara ni daftari. Andikeni tarehe ya mwezi mwandamo, saa maji yalipojaa, sekunde na mwelekeo uliotabiriwa, kisha kile mlichokiona kwa macho, na hasa siku ambazo utabiri ulisema kuna wimbi na ninyi hamkulikuta. Kama wa Kunduchi, wa Coco na wa Kigamboni wataandika siku hizo hizo, msimu mmoja tu wa kusi utatosha kutuonyesha kila ufukwe unapokea mwelekeo upi na unanyimwa upi, jambo ambalo programu yoyote ya simu haiwezi kulijua. Wazee waliokaa huku nyuma wanazo hesabu hizi kichwani, na bila shaka wana ya kunisahihisha kuhusu maji ya Ras Kimbiji, kwa hiyo maswali na tuyaanzie kwao.