Mbu wa mikorosho na mbu wa minazi: usiwachanganye

Haya jamani, karibuni tena shambani, Newala. Leo tunawatafuta mbu wa mikorosho na mbu wa minazi: si mbu wa kuuma watu, ni wadudu wanaofyonza mimea. Saa moja asubuhi, umande bado upo. Jua likipanda wanachangamka hawa, utawakimbiza mpaka uchoke. Beba chupa ya plastiki inayoonesha ndani, na simu yako. Basi.

Anza na machipukizi. Ngoja kamera ishike... hapo. Mnaona kidonda cheusi kinafuata mshipa wa jani? Ncha ya tawi imekauka kama imebabuliwa na moto. Hiyo ni kazi ya mbu wa mikorosho. Wengi wanadhani ni ugonjwa, wanapuliza salfa. Salfa ni ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, mbu hana habari nayo!

Kumkamata sasa. Tega mdomo wa chupa chini yake, mguse kwa jani, aangukie ndani. Usimshike kwa vidole! Mwaka jana nilimshika mmoja tu niliyempata, nikabaki na uji kidoleni. Alama yake iko mgongoni: kijiti kimesimama kama pini, juu kina kitufe. Ukimbana, pini kwaheri. Vidole, hapana.

Aa, kamera inang'ang'ania jani. Tulia wewe... Haya, pini ile. Mwili mwembamba, hafiki sentimita moja, vipapasio virefu kuliko mwili. Ila mtoto aliyeanguliwa juzi bado hana pini, kwa hiyo tafuta mkubwa.

Wa minazi ni mnene zaidi, kahawia ya wekundu, anapita sentimita moja, mgongoni hana pini. Huyu mtafute kwenye korosho changa na mabibo. Hii hapa: imesinyaa, ina madoa yaliyobonyea. Hata ikikomaa, ukibangua unakuta kiini kina doa jeusi, na mnunuzi naye ana macho. Kwenye minazi ndiye anayedondosha vidaka. Na huyu pia... vidole, hapana! Nawaona mnaonyoosha mkono.

Aisee! Subiri, subiri... maji moto, wale sisimizi wa kwenye miti, wameingia kwenye shati. Yalaa! Siwafukuzi lakini, wanawinda mbu wote wawili. Mimi mti wenye viota vya maji moto ndio naupenda kuliko yote, hata kama kuupanda ni vita.

Anayetaka miche ya mikorosho iliyobebeshwa, ninayo. Maji moto natoa bure, uje na mfuko wako na shati la kubadili.