Zege Bila Viazi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya kikundi cha wenye kisukari na walezi wao, Mikindani, Mtwara)

Asalaam aleikum, mama zangu na wajomba zangu. Na wale wa Tumsifu Yesu Kristo, karibuni sana. Jiko mnaloliona hapa mbele halikuletwa kwa mapambo. Nitaongea huku linawaka, kwa hiyo nikinyamaza ghafla mjue kuna jambo nimeliona kwenye sufuria.

Nianze na zege. Hakuna hapa asiyelijua: chipsi zinamiminiwa mayai kikaangoni, zinashikana, zinageuzwa, unapewa na kachumbari. Aliyelipa jina hilo alikuwa fundi kweli, maana zege la ujenzi lina kokoto na lina saruji. Hapa kokoto ni viazi na saruji ni yai. Mimi nilipoambiwa nina sukari, nililia zege langu miaka miwili. Nilidhani viazi vikitoka hakuna chakula. Siku moja nikajiuliza: hivi nani anamshika nani mle ndani? Kiazi kimelala tu, yai ndilo linaloshika. Basi kokoto zinaweza kubadilishwa.

Nikaweka nyama na kabeji. Ikawa supu.

(Kicheko.)

Chekeni, lakini fundi yeyote angenieleza: maji yakizidi, zege halishiki. Karibu yote nitakayosema leo ni habari ya maji.

Kwanza hesabu, nizipitie haraka. Viazi vya kuchemsha gramu 100 vina wanga kama gramu 20. Muhogo mbichi una kama 38. Kabeji ina kama 6, bilinganya vilevile. Yai moja halifikishi gramu 1, na nyama ya ng'ombe haina wanga wa kuhesabu. Wanga ukiliwa unageuka glukosi kwenye damu, na hiyo ndiyo tunayopimwa kwa kutobolewa kidole.

Hapa nitawaudhi, maana tuko Mtwara. Korosho gramu 100 ina wanga kama gramu 30. Karanga ina kama 16. Sisemi tuache korosho, tutakula nini tena? Leo nitanyunyizia kiganja kimoja juu. Lakini kuna mtu anakaa barazani na kopo lake tangu alasiri mpaka magharibi, anasema korosho haina sukari. Namjua. Yuko mstari wa pili.

Sasa chai ya saa nne. Waingereza wana jina lao la mlo unaounganisha kifungua kinywa na chakula cha mchana, wanaula wakiwa wamechelewa kuamka. Sisi tumeshalima tangu alfajiri ndipo tunaketi. Tatizo letu ni kwamba kila kinachosindikiza chai ni wanga: maandazi, chapati, vitumbua, muhogo. Sufuria hii inakaa mahali hapo, na inatosha watu 4.

Nyama nusu kilo, ikatwe kwa kisu iwe midogo kama kete za bao. Ya kusaga pia inafaa, ila ikizembewa inakuwa madonge. Nyama ya jana iliyobaki ndiyo tamu zaidi, maana imeshapoteza maji yake. Soseji msizitie kabla ya kusoma pakiti, nyingi zimechanganywa na unga. Kaangeni nyama peke yake, bila mfuniko. Itatoa maji, itachemka ndani ya maji hayo, kisha yatakauka. Msiitoe hapo! Subirini mpaka sauti ibadilike, iache kutokota ianze kulia kwenye mafuta.

Kabeji nusu, ya wastani. Ikateni nyembamba, mtie chumvi, muiache robo saa. Chumvi inavuta maji yatoke. Kisha ikamueni kwa mikono kama mnavyokamua nazi, mtashangaa bakuli litakavyojaa. Halafu ndiyo iingie kikaangoni pamoja na kitunguu kimoja, hoho moja, kitunguu saumu na binzari. Iache ikauke.

Mayai 8. Pigeni na pilipili manga, chumvi kidogo tu kwa sababu kabeji imeshakula yake. Nami naongeza vijiko viwili vya tui la kwanza. Yule aliyeniuliza pale mlangoni kama tui la pili litafaa: la pili ni maji, mama.

Changanyeni, mmimine kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, mpalie. Mwenye oveni aweke nyuzi 180, dakika 20 hadi 25. Lakini bibi zetu walioka mkate wa kumimina bila umeme: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Ukifanya kinyume, chini kunaungua na juu bado uji.

Kuna kosa jingine la maji, nalo huja mwishoni. Yai lina protini inayokaza kadiri inavyopata moto. Ute huanza kuganda kwenye nyuzi 62 hivi. Chakula chenye yai na nyama kinataka kifike 71 ndani ili kiwe salama. Kikiachwa kipite sana hapo, protini inajikaza kama mtu anayekamua nguo, na maji mliyoyafukuza muda wote yanatoka ndani ya yai lenyewe. Kwa hiyo chomekeni kisu katikati. Kikitoka bila ute mbichi, epueni mara moja.

Kwa hesabu yangu, kila mtu anapata wanga kama gramu 10, na karibu wote umetoka kwenye mboga. Korosho ya juu mhesabu wenyewe.

Mjomba ameinua mkono. Anasema anachoma insulini asubuhi, je, ale hiki badala ya muhogo? Swali zuri kuliko yote. Dozi yako, mjomba, imepangwa kwa chakula unachokula sasa. Ukipunguza wanga ghafla huku sindano ni ileile, sukari inaweza kushuka mpaka ukaanguka. Na wanaomeza glibenklamaidi, vile vidonge vya kushusha sukari, wako hivyohivyo. Nenda kwa daktari wako kwanza, umwambie unataka kubadilisha nini. Na mwenye tatizo la figo aulize kuhusu hizi nyama na mayai.

Pweza? Anafaa sana. Achemshwe mpaka alainike, akatwe, akaushwe kikaangoni kama nyama. Mchuzi wake unywe pembeni, usiutie humu.

Kikibaki, kwa joto hili la Mtwara kisikae mezani zaidi ya saa moja. Dada, nipe kitambaa, huu mfuniko una moto. Sogezeni visahani.